Zege Halilali, na Jirani Halali

Nyota mbili kati ya tano kwa kampuni iliyojenga nyumba ya jirani yangu. Moja ni ya zege lao. Ya pili ni ya mzee mmoja wa kupasua mawe, ambaye hata si mtu wao, walimchukua kibarua tu. Tatu zilizobaki nimezishikilia, na sababu nitaitoa.

Kuna atakayeuliza: mama, wewe uliwapa kazi lini hata uwatolee maoni? Sikuwapa. Aliyewapa ni jirani yangu, kijana mstaarabu anayefanya kazi Dar es Salaam, na kujenga kwenye kiwanja chake ni haki yake, sina kijicho naye. Ila muda wote wa ujenzi mafundi wake walikuwa kwangu kuliko walivyokuwa kwake. Yeye alitumiwa picha kwenye simu, mimi nikatumiwa vumbi. Mkandarasi akitaka kujisifu huwapeleka wateja wakaione nyumba aliyoimaliza. Mimi nasema wapite hapo, waende mlango wa pili, wabishe hodi kwa waliokuwa wakiishi pale wakati inajengwa.

Jina la kampuni silitaji. Bado tuko kwenye usuluhishi, tumeombwa tusichafuane, nami nimekubali. Haya ninayoyaandika yatamfaa yeyote anayetafuta wa kumjengea mlimani, awe anaongea na hawa au na wengine.

Naishi Kitangiri, upande wa mlimani, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu mwaka 1998. Wageni wakija Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani, wakasema Mji wa Miamba, Mji wa Miamba. Kwa sisi wa huku juu, miamba si ya picha. Huku hujengi unapotaka, unajenga pale mawe yalipokubakizia nafasi. Msingi wa huyu uko usawa wa dirisha la yule, na maji ya mvua ya kwangu ni lazima yapite kwako ndipo yafike ziwani. Wa chini akichimba ovyo, wa juu anatikisika. Mkandarasi asiyelijua hilo bora atafute kazi kwenye tambarare.

Kiwanja cha jirani kiko chini ya changu. Mpakani palikuwa na jabali lenye ukubwa wa daladala, nusu kwake nusu kwangu, na miaka yote hiyo lilikuwa ndilo ukuta wetu. Watoto wangu walikua wakitelezea mgongo wake. Kulitoa lilikuwa jambo la lazima kama kweli anataka ghorofa, hilo sikubisha tangu siku ya kwanza. Nilichotaka ni kujua litatokaje.

Na ili mnielewe habari ya vumbi, ngoja niseme kazi yangu. Nauza dagaa. Nachukua wabichi kwa wavuvi alfajiri, nawaanika kwangu kwenye chanja, wakikauka nawachambua, najaza magunia, napeleka Mwaloni Kirumba ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo. Uani kwangu ndipo ofisini kwangu. Dagaa wakipata jua zuri wanakauka siku hiyohiyo, wanang'aa kama fedha. Wakiingiwa mchanga, hata ukiwapepeta namna gani, mnunuzi atamtia mmoja mdomoni, atatafuna mara mbili, atatema pembeni, kisha ataanza kukupangia bei yeye.

Walipokuja mara ya kwanza sikuwa na neno nao. Fomeni wao ni kijana mwenye adabu, aliniamkia, akajitambulisha, akaomba maji kwa kuwa jirani hajavuta bomba. Tukakubaliana shilingi 500 kwa pipa, aandike kwenye daftari, tufunge hesabu kila Jumamosi. Wiki za mwanzo alilipa bila kukumbushwa. Baadaye daftari likapotea, likapatikana, likapotea tena, na bili ya MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, ikawa inakuja kwa jina langu mimi. Hiyo walikuja kuilipa, lakini mpaka nilipofunga koki siku ambayo tayari walikuwa wameshachanganya simenti na mchanga. Siku hiyo hela ilipatikana ndani ya dakika.

Kitu cha kwanza kilichonitia shaka ni kwamba hapakuwa na bango. Nikauliza kibali, nikaambiwa kipo ofisini. Hilo ni jibu ambalo kila saiti isiyotaka maswali huwa nalo mfukoni. Nakala ya kibali cha ujenzi inatakiwa ikae saiti, na bango la mradi lisomeke na mpita njia: mwenye mradi ni nani, mkandarasi ni nani, mshauri ni nani. CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 na inawapanga makandarasi kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, na la saba ndilo la chini. Ukishalijua jina la kampuni unaweza kulitafuta kwenye orodha yao ukajua kama wanaruhusiwa kujenga unachokiona. Bango lisipokuwepo utatafuta nini? Tangu ghorofa lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, likaua watu waliokuwa madukani wakitafuta riziki, mimi nikiona nguzo zinapanda bila bango usingizi unanikata. Bango lilikuja kuwekwa, baada ya mambo nitakayoyasimulia mbele. Kampuni imesajiliwa, na daraja lao linatosha. Sasa mlikuwa mnaficha nini?

Jabali walilianza kwa moto. Anayekaa mlimani Mwanza anaijua njia hii: unarundika magogo na matairi chakavu juu ya jiwe, unachoma kwa masaa, ngozi ya juu inatanuka na kuachana na ya ndani, kisha unamwagia maji ya baridi na kuligonga kwa nyundo nzito linabanduka vipande. Ni njia ya zamani na ni ya bei nafuu. Matairi ndiyo mabaya. Moshi wake ni mweusi na unanata, ukiingia kwenye shuka hata ufue kwa sabuni gani shuka halirudi jeupe. Na mchana upepo wa huku unatoka ziwani unapanda mlima. Fomeni akiwasha saa nane, moshi wote unakuja kulala kwenye chanja zangu.

Nikamwita. "Mwanangu, umeona upepo unaelekea wapi?"

"Nimeona mama. Tuvumiliane, ni siku chache tu."

"Hizo siku chache zimeanza kuhesabiwa lini?"

Akacheka, akaomba radhi, kesho yake akawasha tena. Sikumlaumu sana yeye. Kijana ametumwa na bosi, na bosi anataka jiwe liondoke.

Bosi mwenyewe alifika siku moja na gari yake nzuri, hakushuka hadi alipofunguliwa mlango, akalitazama jabali kisha akasema kwa sauti tulipige baruti tumalize. Aliongea kama anaagiza chai. Nilikuwa nasimama upande wangu wa mpaka, umbali wa kumtemea mate kama ningekuwa sina malezi. Nikamwambia, baba, baruti ina Sheria yake tangu mwaka 1963, inataka kibali na inataka mlipuaji mwenye cheti, na hapa kuna nyumba za watu pande zote nne. Kibali kikija niletee nikisome, na mimi nitaita mwenyekiti wa mtaa aje asome na wenzetu wote. Akaniuliza kama mimi ni mwanasheria. Nikamwambia nauza dagaa. Baruti haikutajwa tena.

Ndipo wakamleta mzee wa kupasua mawe, kutoka Misungwi, na hapa lazima niende polepole kwa sababu katika habari yote hii yeye ndiye niliyefurahi kumwona.

Alikuja na gunia moja. Ndani ya gunia mna nyundo mbili, tindo kadhaa na kabari za chuma ambazo vichwa vyake vimepondeka kwa kupigwa miaka mingi. Hakugusa jiwe. Alipanda njia hadi mlangoni kwangu, akaniamkia "Mwangaluka, mayu," nikaitikia, akauliza: hili jiwe ni la nani? Nikamwambia nusu la jirani, nusu langu. Akauliza kama naridhia nusu yangu ivunjwe, na kama vipande vya upande wangu navitaka. Miezi yote ile ya moto hapakuwa na mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia nimeridhia, na vipande nitavitaka.

Kisha akaomba kopo la maji. Akalimwagia jabali juu, akakaa kivulini akasubiri. Jua lilipolikausha, uso wote ukarudi rangi yake ya kijivu, isipokuwa mstari mmoja mwembamba uliobaki mweusi, umekatiza jiwe kwa mshazari. Maji yalikuwa yameingia kwenye mshipa wake. Alifuata mstari ule kwa tindo, akachimba vitundu vya kuingia kidole, kimoja baada ya kingine, kisha akapandikiza kabari. Hapo sasa akaanza kugonga. Hakugonga kwa nguvu. Kila kabari pigo moja, anaenda hadi mwisho wa mstari, anarudi mwanzo, na kila akirudi sauti ya chuma inapanda, inakuwa nyembamba zaidi. Nilikuwa nachambua dagaa huku namsikiliza. Ikafika mahali sauti ikageuka, ikawa nzito ghafla, naye akaacha kugonga hapohapo, akaweka nyundo chini, akaenda kunywa chai kwa mama ntilie. Aliporudi jabali lilikuwa limeshaachana lenyewe, ufa wa kupitisha mkono. Hakuna moshi, hakuna kipande kilichoruka, hakuna kuku aliyekimbia.

Sehemu ya mwisho, iliyokuwa karibu mno na ukuta wangu, walitumia ule unga wa kupasulia mawe. Unakorogwa na maji, unamiminwa kwenye matundu yaliyotobolewa kwa mashine, unavimba usiku kucha na jiwe linapasuka bila kelele. Kumbe ulikuwepo madukani siku zote tulipokuwa tunavuta moshi wa tairi. Ni ghali, ndiyo. Lakini hebu piga hesabu ya mashuka yangu.

Baada ya jabali ikaja grinda. Mawe yale yalikuwa yanakatwa yawe ya mapambo ya ukuta wa mbele, na hilo vumbi si la mchezo. Ni jeupe, laini kama unga wa muhogo, na linaua mapafu ya anayelikata kabla halijafika kwangu. Vijana walikuwa wamejifunga vitambaa vya fulana puani, basi. Nikaenda tena kwa fomeni, safari hii na pendekezo.

Dagaa huvuliwa kwenye giza. Wavuvi huwasha taa majini usiku, dagaa wanaifuata, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo mwezi ukiwaka mimi sina cha kuanika. Nikamwambia: mwanangu, kalenda yako iko ukutani, yangu iko juu. Wakati wa mbalamwezi kateni mawe asubuhi hadi jioni, sitakuja hata kuwachungulia. Wakati wa giza, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, grinda izimwe, fanyeni kazi nyingine, fungeni nondo, pigeni tofali, pangeni mirunda. Yeye ni mtu wa Sengerema, amekulia ziwani, alinielewa kabla sijamaliza. Alichora miduara myeusi na myeupe kwa mkaa kwenye ubao wa stoo yao, na giza lililofuata niliuza dagaa safi kabisa. Hii ndiyo mipango ya kazi ninayoitaka. Haikumgharimu mtu shilingi.

Giza la pili bosi akaja, akakuta grinda imelala na vijana wanafunga nondo, akauliza nani kaamuru. Akaelezwa. Kwa nilivyosimuliwa na mama ntilie, alisema yeye hafanyi kazi kwa kalenda ya samaki. Grinda ikawashwa saa nne asubuhi, chanja zangu zote zikiwa zimejaa. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, hakuna aliyesikia kwa sababu ya kelele yao. Mzigo ule ulikwenda Mwaloni, na mteja wangu wa miaka mingi akafanya vile vile: akatia mmoja mdomoni, akatafuna, akatema. "Mama, leo umeniletea kokoto." Nikauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo hela ninayowadai mpaka leo, na ndiyo nyota ya tatu.

Nyota ya nne ni ya ukuta.

Ili wapate msingi na shimo la tangi la maji walikata udongo wima, karibu kabisa na fensi yangu, wakauacha wazi. Nilimwambia fomeni jengeni kingo, ukuta wa kuzuia udongo, kabla ya vuli. Akasema injinia amepanga kingo zije baada ya slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Mvua za huku nyingi zinatoka ziwani alfajiri, na radi zake, na iliyoshuka asubuhi ile ilikuwa ya mawe. Kulipokucha fensi imeinamia kwao, na kwenye ukuta wa stoo yangu ya magunia pameota ufa. Haukuwa ule ufa mwembamba wa lipu unaotokea kila nyumba. Ulianzia kona ya dirisha, ukashuka kwa mshazari, unafuata maungio ya tofali kama ngazi. Mpwa wangu ni fundi, akauangalia akasema huu ni wa msingi kukaa vibaya. Akakata kipande cha kioo, akakigandisha kukatiza ufa, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikipasuka, alisema, ujue ukuta bado unatembea. Kilipasuka kabla ya wiki kuisha.

Hii mbinu ya kioo naomba muichukue hata kama mengine yote mtayasahau. Na kabla jirani hajaanza kuchimba, piga picha kuta zako zote, ndani na nje, na gazeti la siku hiyo lionekane. Maana nilipokwenda kulalamika kitu cha kwanza nilichoulizwa na bosi ni: una uhakika gani mama kwamba huu ufa haukuwepo? Uhakika ulikuwepo. Binti yangu alifanyiwa sherehe ya kuagwa hapo uani mwaka uliotangulia, na kwenye picha shangazi zake wamesimama wamejipanga mbele ya ukuta uleule, mzima kabisa.

Mwenyekiti wa mtaa alifika siku hiyohiyo, akaandika barua, na mkaguzi wa majengo wa manispaa akaja na rangi nyekundu. SIMAMISHA UJENZI, herufi kubwa, kwenye ukuta wao mpya. Ajabu ya rangi nyekundu ni kwamba inaita mabosi. Mtu ambaye simu yangu alikuwa haipokei alikuwepo saiti saa moja asubuhi, na injinia wake, na bango jipya limefungwa kwenye gari.

Na hapa niwape haki yao, kwa sababu walipolazimishwa kufanya kazi walifanya kazi. Ukuta wa kingo walioujenga ni wa mawe ya lile jabali letu, mpana chini, unapungua kwenda juu, umeachiwa matundu ya kutolea maji na nyuma yake pamejazwa kokoto ili maji yasijikusanye yakausukuma. Mpwa wangu alishinda anautafutia kasoro, hakuipata. Fensi waliivunja ile iliyoinama wakainua nyingine kwa gharama yao. Kioo cha pili tulichokigandisha kwenye ufa kipo kizima hadi leo. Kilichobaki ni lipu na rangi ya upande wangu, ambavyo nimeahidiwa vitakuja "mama, kesho kutwa." Kesho kutwa yao ina ndevu sasa.

Zege pia nilisema nitalisifia. Siku ya kumwaga slabu walianza alfajiri, mashine inanguruma, kina mama na vijana wamejipanga kwenye ngazi wanapasiana karai huku wanaimba, tipa linarudi nyuma linapiga king'ora chake. Ilipofika saa nne usiku taa zimewashwa, bado wanamwaga. Nilitoka na kanga yangu kichwani. Fomeni akanikimbilia hata kabla sijafungua mdomo. "Mama, nisamehe. Zege halilali."

Hilo nalijua. Ukikatisha slabu katikati, kesho ukiunganisha, pale pa kuungia hapashikani sawasawa, na nyumba ya hivyo nisingependa iwe chini ya kwangu wala juu ya kwangu. Mnataka kumwaga usiku, mwageni. Lakini kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, na usiku kiwango kinashuka. Na zaidi ya kanuni kuna kubisha hodi. Ungekuja jana yake ukasema mama, kesho hatulali, ningechukua mjukuu wangu tukalale kwa mwanangu Nyegezi. Mtoto alikuwa na mtihani wa darasa la saba unamkaribia, aliamka macho mekundu kama kambale aliyevuliwa kwenye tope.

Baada ya hapo slabu ilimwagiwa maji asubuhi na jioni, hata Jumapili, na mirunda haikuguswa hadi zege lilipokomaa. Nimeona saiti nyingi mlimani huku ambako mirunda inang'olewa haraka iwahi kukodishwa kwingine. Hawa hawakufanya hivyo, na kwa mwenye nyumba hilo ni jambo kubwa kuliko yote niliyoyasema.

Usalama sitaki kuusema sana, nitaonekana namsengenya fomeni. Kandambili juu ya mirunda, kofia ngumu zinatoka stoo akija mgeni tu, na hakuna wavu upande wangu. Tofali moja lilidondoka kutoka ghorofa ya kwanza likatoboa chanja ambayo dakika chache kabla nilikuwa nimeinama juu yake. Wavu ulifungwa kesho yake. Chanja walitengeneza, na mbao zake ni nzuri kuliko za awali.

Sasa ya hela ya dagaa. Nikimpigia mkandarasi ananiambia niongee na mwenye nyumba. Nikimpigia mwenye nyumba, "Mama shikamoo," marahaba baba, "mimi nimeshamlipa mkandarasi kila kitu, ongea naye." Nimepigwa danadana hivyo hadi nikachoka, nikapeleka shauri Baraza la Kata. Muelewe kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza hilo kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halihukumu, na lina siku 30. Likishindwa unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. La ufa na fensi lilimalizika pale kwa maandishi na sahihi. La dagaa bosi alisema hiyo ni hasara ya biashara, akanitolea bahasha ya "chai." Nikairudisha mbele ya wote. Sina shida na chai, nina sukari kwangu.

Pale barazani ndipo nilipouona mkataba wao na mwenye nyumba. Kurasa nyingi, nondo za ukubwa gani, simenti mifuko mingapi, vigae vya rangi gani, hata kitasa kimetajwa. Jirani hajatajwa popote. Hakuna saa za kazi, hakuna vumbi, hakuna nani analipa ukuta wa mwingine ukipasuka. Kijana wa watu alisaini akidhani ameshapanga kila kitu, na aliponipigia baadaye kuniomba radhi, alinitia huruma. Nilimwambia akijenga kwingine aanzie hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uwape kazi hawa: kwa nguzo, slabu na kuta za mawe, ndiyo, wape. Mwombe fomeni huyuhuyu kwa jina na usikubali kubadilishiwa. Bosi mwandikie saa za grinda kwenye mkataba, mwandikie kingo kabla ya mvua, na sehemu ya malipo ya mwisho uishike mpaka majirani wa pande zote waseme hawana deni. Yule mzee wa Misungwi mtafuteni mwenyewe, yeye hata simu ya kuperuzi hana, mama ntilie wa pale njia panda ndiye anayepokea ujumbe wake.

Nyota ya tano sikuwahi kuwa na nia ya kuitoa kwa mtu aliyewasha tairi uani mwa watu. Lakini ya tatu na ya nne ziko mezani: fundi wa lipu aje, na magunia yangu yalipwe kwa bei ya dagaa safi ya siku ile. Hapo nitarudi kurekebisha.